Kitanda cha Lorine

Kozi ilikwisha siku ya Ijumaa, saa saba na nusu mchana, bila machozi ya kupita kiasi. Mwalimu Nakhungu, mwanamke wa makamo, hakuyapenda machozi darasani. Alisimama mbele ya wanafunzi wake kumi na wanne, katika jengo la kanisa lililo mtaa wa Milimani, akawaita mmoja mmoja kwa majina yao kamili, akawapa mkono na cheti; na kila aliyejaribu kumkumbatia aliambiwa arudi kitini kwanza, mambo mengine yangefuata.

Kaneza Niyonkuru aliitwa wa nane. Alikuwa mkunga, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Rumonge kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika. Hospitali ya kwao ilimtuma Kisumu ajifunze Kiingereza kwa miezi tisa, kwa sababu chuo cha juu cha ukunga alichotazamia kujiunga nacho kilifundisha kwa lugha hiyo. Miezi hiyo sasa ilikuwa imetimia. Basi la Mwanza lingeondoka kesho yake saa kumi na mbili alfajiri. Kutoka Mwanza angeenda Kigoma, na kutoka Kigoma kwao hapakuwa mbali tena.

Alipokwisha kupokea cheti alirudi kuketi karibu na Nyandeng, mwanamke mrefu kutoka Juba aliyekuwa rafiki yake tangu wiki ya kwanza. Nyandeng alimtazama kwa makini, kisha akamwinamia sikioni.

"Dada, wewe unalia kwa jicho moja tu."

"Silii."

"Unalia. Jicho la pili ndilo halina nafasi, linatazama lango. Kuna nini pale langoni?"

"Hakuna kitu."

"Hicho kitu kimevaa ovaroli ya bluu na kina grisi shingoni. Kama wewe humtazami, basi nenda umwambie aache kukutazama wewe."

Kaneza aliinamisha uso. Ni kweli kwamba Griffins Okello alikuwa amesimama langoni, na ni kweli pia kwamba alikuwa hajapata nafasi ya kunawa. Alikuwa mtoto wa kiume wa wenyeji wa Kaneza, fundi wa injini za meli bandarini, na alikuwa ameomba ruhusa ya mchana huo tu.

Kuagana kulichukua muda mfupi. Walibadilishana namba za simu ambazo tayari walikuwa nazo. Walipiga picha kwenye ngazi. Nyandeng alimshika Kaneza mabega yote mawili, akamwambia, "Ukipata mtoto wa kike, usimpe jina langu, ni refu. Lakini mwambie nilikuwepo." Kisha akaingia katika gari lililokuwa likimpeleka uwanja wa ndege. Wote wawili walifahamu kwamba huenda wasionane tena katika dunia hii. Walipungiana mikono mpaka gari lilipopinda, na baada ya hapo kila mmoja akashughulika na safari yake.

Mwalimu Nakhungu alimsindikiza Kaneza hadi langoni. "Nitafika kwenu Dunga saa tisa," alisema. "Mama Seline amenialika chakula. Ameniambia nisipofika, atanifuata hapa na sufuria."

"Ujapo utatupa furaha, Mwalimu."

"Sema kwa Kiingereza. Sasa wewe ni mhitimu."

Griffins na Kaneza walishuka kwa miguu kuelekea Dunga. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, kama ilivyokuwa kati yao siku zote walipotembea barabarani. Na mtu aliyekutana nao angeweza kudhani kwamba nafasi ile ilikuwa ya heshima tu.

"Mwalimu amekupa alama gani?" Griffins aliuliza.

"Nzuri. Amesema Kiingereza changu ni safi, ila nakizungumza kama mtu anayetoa taarifa kwa polisi."

Griffins alicheka, kisha kicheko kikamwishia mapema kuliko alivyotaka. Walipita nyumba za mwisho za mjini wakafika mahali ambapo mafunjo yalianza, na upepo wa ziwa ukawapiga usoni. Hapo alisimama.

"Nimezungumza na Baba," alisema.

"Juu ya nini?"

"Juu yako. Jumapili iliyopita, baada ya ibada. Nilimwambia nataka kukuoa."

Kaneza hakumtazama. Alitazama maji. Tangu mwezi wa sita alikuwa akingoja neno hilo: tangu siku Griffins aliporudi kazini na kiganja kilichopasuliwa na feni ya injini, naye Kaneza akakishona mezani, nyuzi saba, huku wote wawili wakitazama sindano kwa bidii ambayo sindano haikuihitaji. Baada ya siku ile Griffins hakuweza tena kumtazama usoni wakati wa chakula. Alimwomba chumvi huku akiitazama chumvi. Kaneza naye alijifunza kumtambua kwa hatua zake, kwa mlio wa funguo zake, kwa namna alivyokohoa kabla ya kubisha hodi. Sasa neno lenyewe lilikuwa limetamkwa, na kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa ghadhabu.

"Ulimwambia yeye kabla ya kuniambia mimi?"

"Ndivyo tulivyolelewa."

"Na sisi tumelelewa. Lakini kwetu msichana huwa wa pili kujua, Griffins. Hawi wa mwisho."

"Nisamehe. Niliogopa ukikubali kwanza, kisha Baba akatae, ningekuwa nimekuumiza bure."

"Akasema nini?"

"Aliuliza kama nina homa." Griffins alijaribu tena kucheka. "Kisha akaniambia, 'Wuoda, mwanangu, dada haolewi na kaka yake.' Akafungua Biblia ya nyumbani, ile kubwa, akanionyesha jina lako liko wapi."

Kaneza alilijua jambo hilo, na hakuhitaji kuonyeshwa. Jumapili yake ya kwanza Kisumu, akiwa na siku nne tu mjini, Mama Seline alimshika mkono wakati wa ushuhuda, akamsimamisha mbele ya kanisa zima, akasema kwamba Mungu alimchukua binti yake Lorine miaka mitano iliyopita kwa maradhi ya damu, na sasa amemletea mwingine, wa umri ule ule. "Huyu ni Lorine wangu," alisema. Watu walisema amina. Mchana ule Mzee Zadock, mumewe, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, alichukua kalamu akaandika chini ya majina ya watoto wake: Lorine Kaneza. Kaneza alilia kwa furaha. Mama yake mzazi alikufa yeye akiwa na miaka tisa, na tangu hapo hakuna mtu aliyekuwa amemwita mwanangu bila kuwa na kazi ya kumtuma.

Alipewa kitanda cha Lorine, katika chumba cha Lorine, ndani ya nyumba ya Mama Seline. Walifanya kosa la ukarimu. Hakuna aliyefikiri, siku ile, kwamba nyumba hiyo hiyo ilikuwa na kijana ambaye hajaoa.

"Mimi si dada yako," Kaneza alisema.

"Mimi najua. Wewe unajua. Kanisa zima la Dunga linajua vingine." Griffins alimsogelea, ile nafasi ya mtu mmoja ikapungua nusu. "Sikiliza. Nimefikiria njia. Kesho ondoka kama ilivyopangwa. Mwezi wa kumi na mbili nitachukua likizo, nije Rumonge. Tutafunga ndoa kwa mchungaji wa kwenu, kimya kimya. Tukipata mtoto tutawaandikia. Mzee akimwona mjukuu atakuwa na la kusema?"

"Na Mama?"

"Mama atalia, kisha atanyamaza."

Ndipo Kaneza alipomgeukia na kumtazama usoni. Macho ya Griffins yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na kovu la kiganja chake lilikuwa jeupe mahali aliposhika mkanda wa mkoba wake kwa nguvu. Alimpenda kiasi cha kuogopa kujibu. Akajibu.

"Hapana."

"Kaneza..."

"Nimekaa miezi tisa katika nyumba ya watu. Sikuiba hata kijiko. Sitaanza na mtoto wao."

Griffins aligeukia ziwa. Mashua mbili zilikuwa zikirudi, na wanawake wenye beseni walikwisha kujipanga ufuoni kuzipokea. Sauti zao zilifika mpaka pale mafunjoni, wakibishana juu ya nani alikuja kwanza.

"Basi imekwisha," alisema hatimaye. "Kesho utaondoka hapa kama binti wa nyumba, utasindikizwa kama binti wa nyumba, na mimi nitabeba begi lako kama kaka. Hilo likishatokea, mbele ya watu hakuna wa kulibadili."

"Niambie jambo moja. Mke wa mwana, hapa kwenu, aweza kulala katika nyumba ya mama mkwe wake?"

"Hapana! Hata mvua ya mawe ikinyesha. Huo ni mwiko mkubwa. Mkwe hulala kwake, au kwa jirani."

"Na binti?"

"Binti hulala kwa mama yake. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua," Kaneza alisema. "Twende. Chakula kinapoa."

Walipofika nyumbani, meza ilikuwa imeandaliwa kivulini mbele ya nyumba, na Mwalimu Nakhungu alikwisha kuwasili. Mama Seline alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, ambaye hakuweza kuketi palipokuwa na sahani tupu. Alikuwa amepika samaki wawili wakubwa aina ya ngege, ugali wa mtama, kuku, na bakuli zima la akeyo, ile mboga chungu aliyoilaza katika maziwa tangu juzi.

"Lorine, nyathina, mtoto wangu, umechelewa!" aliita. "Njoo ule, umekonda leo. Griffins, hayo mafuta yako usiyalete mezani, kanawe. Mwalimu, usikae hapo kwenye jua. Mzee, ombea chakula kabla nzi hawajala."

"Nzi nao ni viumbe," alisema Mzee Zadock, akasimama. Alikuwa mrefu, mkavu, amefunga tai hata nyumbani. Aliomba kwa kifupi. Wakala kwa muda bila mazungumzo mengi. Ni Mwalimu Nakhungu pekee aliyesifu samaki, akasema kwao Bungoma wangemla kuku kwanza na kumuuliza samaki ametoka wapi.

"Ndiyo sababu hamjui kuogelea," Mama Seline alimjibu.

Chakula kilipokuwa katikati, Mzee Zadock alifuta mikono, akasimama tena.

"Nitasema maneno machache," alianza, na waliomfahamu walijiandaa kwa mengi. "Binti yetu alikuja hapa akiwa mgeni. Leo ana cheti. Sisi tulimpokea kama mtoto, naye alituheshimu kama wazazi. Sikumbuki siku aliyochelewa kurudi, wala siku aliyoinua sauti. Kwa hiyo, Lorine Kaneza, nenda kwa amani. Krismasi ukipata nafasi, rudi kwenu. Kitanda chako hakitalaliwa na mtu mwingine."

Mama Seline alijifuta macho kwa pindo la leso. Griffins alitazama sahani yake. Kaneza aliinuka.

"Nashukuru," alisema. "Nimeshukuru kila siku, na sitaacha. Mmenilisha, mmenitibu nilipougua, mmenifungulia mlango bila kuuliza natoka wapi. Kabla sijaondoka nina ombi moja. Naomba nisilale hapa usiku wa leo."

Mama Seline alishusha leso. "Unasema nini? Utalala wapi? Basi ni la alfajiri!"

"Kwa Mwalimu Nakhungu, kule Migosi. Kama atakubali."

Mwalimu Nakhungu alikuwa na mfupa wa samaki kinywani, akautoa polepole. "Kitanda kipo," alisema. "Lakini naomba nijulishwe kwanza. Sipendi kuingizwa katika kesi nikiwa bado natafuna."

Hakuna aliyecheka, kwa maana Mzee Zadock alikwisha kuelewa. Alikuwa bado amesimama. Alimtazama Kaneza, kisha akamtazama mwanawe, kisha akarudisha macho kwa Kaneza.

"Nani amekufundisha jambo hilo?"

"Nilimwuliza Griffins desturi inasemaje, naye alijibu alichoulizwa. Hakujua kwa nini niliuliza."

"Nawe unajua maana ya unachokiomba?"

"Najua. Nikilala hapa usiku wa leo nitaondoka nikiwa binti, na nitabaki kuwa binti. Mimi nampenda mwanao. Sikulala katika kitanda kile ili nimpate. Mungu ni shahidi. Lakini nampenda, na sitaki kuondoka na uongo, Mzee."

Neno *Mzee* lilianguka mezani kwa uzito. Kwa miezi tisa alikuwa amemwita Baba.

"Mke wangu alikutangaza mbele ya kanisa," Mzee Zadock alisema. Sauti yake haikupanda. "Mimi nikakuandika. Sikuandika kwa penseli."

"Hamkuniuliza."

"Ulifurahi!"

"Nilifurahi sana. Nilikuwa sina mama, nikapewa mama. Ningeulizaje kama zawadi hiyo ina masharti? Nyinyi mliyajua masharti, na hata nyinyi hamkuyafikiri."

"Baba," Griffins alisema, akainuka.

"Keti."

"Sitaketi. Naomba radhi, lakini sitaketi. Leo nilikuwa na mpango mbaya kuliko huu. Nilimwambia twende kwao tuoane kwa siri, ninyi mje kujua baadaye. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema hataiba mtoto wa watu. Kama kuna mtu wa kukemewa hapa mezani ni mimi, siyo yeye."

Mzee Zadock alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma mwandiko asioutarajia. Kisha akachukua kofia yake kutoka mgongoni mwa kiti.

"Nilichoandika kwa wino sikifuti," alisema, akaondoka kuelekea zizini. Sahani yake ilibaki nusu, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana katika nyumba ile.

Kaneza aliingia ndani kuchukua begi lake. Lilikuwa limefungwa tangu jana. Alipogeuka nalo alimkuta Mama Seline amesimama mlangoni mwa chumba, mikono miwili imeshika miimo.

"Wa kwanza alitolewa humu amefunikwa shuka," Mama Seline alisema. "Wewe unatoka kwa miguu yako. Sijui lililo baya zaidi ni lipi."

Kaneza aliweka begi chini. Alikuwa amejiandaa kwa ukali. Kwa sauti ile ya chini hakuwa amejiandaa, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi sasa yalimtoka kwa macho yote mawili.

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nilikuosha nywele kwa mikono hii. Nilikuwa nasimama langoni mpaka nione kichwa chako kule barabarani. Jirani walinicheka, wakasema Seline amerudia ujana, ananyonyesha tena. Unataka mume? Wanaume wamejaa Kisumu. Mama ungempata wapi mwingine?"

"Sina mahali pa kumpata. Ndiyo sababu nimekaa kimya tangu mwezi wa sita. Kila usiku nilijiambia, mwache Griffins, baki na Mama. Nikalala juu ya neno hilo, nikaamka nalo. Halikunikubali."

"Lakini ulikuwa Lorine wangu. Nilipoita, uliitika."

"Niliitika kwa sababu ulipoliita jina lile uso wako ulibadilika. Ningekuwa na moyo gani nisiitike?"

"Ulilala kama yeye. Ulikunja nguo kama yeye. Kila Jumamosi ulikula akeyo bakuli zima, kama yeye alivyokuwa akila."

Kaneza alifuta uso kwa kiganja. "Akeyo inaniumiza tumbo, Mama."

"Nini?"

"Inaniumiza tumbo. Kila Jumamosi, baada ya chakula, nilikuwa nakunywa maji ya moto jikoni wewe ukiwa kwenye maombi ya wanawake."

Mama Seline aliachia miimo ya mlango. Aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, kikalia chini yake.

"Miezi tisa?"

"Miezi tisa."

"Na leo?"

"Leo pia nimekula."

"Lo! Na hukusema hata siku moja? Una mdomo, una Kiswahili, sasa una na Kiingereza!"

"Mtoto wa kuzaa angesema siku ya kwanza," Kaneza alisema taratibu. "Angesukuma sahani, ungemgombeza, mngecheka. Mimi niliogopa. Niliona nikikataa mboga ya Lorine, utakumbuka kwamba mimi si Lorine."

Mama Seline alitandaza kiganja juu ya shuka, akalinyoosha mahali ambapo halikuwa na kunyanzi, akalinyoosha tena. Alikaa hivyo hata Kaneza akadhani kwamba amemsahau. Lakini mwanamke yule hakuwa amemsahau mtu. Kwa mara ya kwanza katika miezi tisa alikuwa akimkumbuka binti yake peke yake, bila kumchanganya na mwingine. Alilia kidogo, bila sauti, kilio cha mtu anayemaliza kazi aliyoiacha njiani.

"Chukua begi lako," alisema mwishowe. "Giza lisikukute barabarani."

Nje, jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Mwalimu Nakhungu alikwisha kuita tuktuk, nayo ilingoja nje ya lango ikiunguruma. Griffins alilipokea begi kutoka mkononi mwa Kaneza. Vidole vyao viligusana kwenye kishikio, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa. Walitazamana, safari hii bila chumvi wala sindano ya kuwasaidia.

"Nitakuja Rumonge," alisema. "Mchana, kwa barabara kuu, na watu wa kunisemea."

"Na kama baba yako hatakubali kuja?"

"Nitamwomba kila Jumapili. Atachoka yeye kwanza."

"Hachoki, yule."

"Najua. Mimi ni mtoto wake."

Kule zizini Mzee Zadock alikuwa amesimama, amewapa mgongo. Alikuwa akimtazama ng'ombe mmoja tu tangu alipofika, na ng'ombe huyo hakuwa na tatizo lolote. Hakugeuka. Kaneza alimwinamia kwa heshima, ingawa mzee hakuliona hilo, kisha akaendelea kwenda.

Walikuwa wamefika langoni waliposikia hatua nyuma yao. Mama Seline alikuwa amefunga leso upya kichwani na kunawa uso. Hakuwafikia. Alisimama hatua tano kutoka kwa Kaneza, mikono ameifumbata mbele, umbali ule ule ambao mama mkwe wa Dunga huuacha kati yake na mke wa mwanawe. Na mwanamke ambaye jana tu alikuwa akimkumbatia binti huyu kila jioni hakunyoosha mkono kumgusa.

"Nyar Rumonge," aliita.

Griffins alishusha begi chini. Mwalimu Nakhungu, aliyekwisha kuketi katika tuktuk, alitoa kichwa nje. Hapakuwa na mtu pale asiyejua kwamba hivyo ndivyo wanavyoitwa wanawake walioletwa Dunga kuolewa: kila mmoja binti wa kwao, kwa jina la mahali alipozaliwa. Mama Seline mwenyewe, kwa miaka thelathini na nane, alikuwa akiitwa Nyar Asembo.

"Naam, Mama," Kaneza alijibu.

Mama Seline alitafuta maneno. Ilikuwa dhahiri kwamba jambo alilotaka kuuliza lilimwaibisha, kwa kuwa lilikuwa dogo sana na alikuwa amechelewa kuliuliza.

"Kwenu mnakula nini?"

"Ndagala, Mama. Samaki wadogo. Tunawapika kwa mawese."

"Mawese ndiyo nini?" Mama Seline aliuliza, akasogea hatua moja ili asikie vizuri.